Prof wa Hesabu na Nafasi ya Binti Yangu

Mtu anayependwa na wanafunzi wote wa shule lazima ana kasoro mahali, na mimi kwa miaka mingi nilikaa naye katika chumba kimoja cha walimu pale Butembo nikiitafuta. Alifundisha hesabu na fizikia katika madarasa ya mwisho. Mimi nilifundisha Kifaransa. Kengele ikilia, wanafunzi wangu walitoka mbio kama waliofunguliwa zizini, na wake walibaki ubaoni wakibishana naye mpaka mwalimu wa saa iliyofuata akohoe mlangoni. Mara nyingi mwenye kukohoa nilikuwa mimi.

Tulimwita Prof. Walimu wengine nao waliitwa prof, lakini ukitaja Prof bila kuongeza jina, mjini kote watu walijua unamsema nani. Hilo lenyewe lilinikera. Mimi niliitwa Madame, na akina Madame tuko wengi.

Si kwamba alikuwa na sura ya kutazamwa. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama mbele, na koti la kahawia alilolivaa kwa baridi ya asubuhi na hakulivua hata jua la saa sita. Ubao aliufuta kwa kiganja, kisha kiganja akakipangusa kwenye koti, hivyo mfuko wa kulia ulikuwa mweupe siku zote. Jumapili alichelewa misa na kusimama mlangoni pamoja na walevi, lakini mwanafunzi aliyechelewa darasani kwake alikaa nje. Na chakula cha watu alikataa. Ukimkaribisha bugali na nyama atakuambia ameshiba. Halafu kabla hujaondoa sufuria atauliza polepole kama kuna ukoko. Nilimwambia mume wangu kwamba mtu anayekataa nyama akaomba ukoko anatafuta kusifiwa. Mume wangu akasema labda anapenda ukoko tu.

Kilichompa jina ni vile vyuo vikubwa vya ng'ambo. Kwetu mtoto akifaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wazazi hupaka watu poda kichwani, wanaimba barabarani, kisha wanamwandikisha chuo cha hapa hapa, au wenye uwezo wanampeleka Kampala. Lakini viko vyuo vya mbali ambavyo vikikuchukua vinakulipia kila kitu, kuanzia ndege hadi blanketi. Shida ni kwamba vinachukua watu wachache mno, na wanaoomba wanatoka dunia nzima, kila mmoja wa kwanza darasani kwao. Wanafunzi kadhaa wa Prof walikuwa wamepenya huko. Basi kila mzazi mwenye mtoto mwenye akili alimwendea kama mtu anavyomwendea daktari, kuuliza mgonjwa atapona au hatapona.

Na cha ajabu, yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Kasindi. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Watoto walijaza maombi yao kwenye cyber mjini, naye alikaa nyuma yao kwenye benchi, mikono mfukoni, bila kugusa mashine. Nikamwambia prefe wetu, mkuu wa shule, kwamba hiyo ni sawa na mtu asiyejua kuogelea kuwafundisha wengine mto. Prefe alicheka, kisha akamwandikisha mpwa wake kwa Prof.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa, watu wakisharudisha majembe na mifagio yao, uwanja wa nyumba yake ulijaa vijana. Alikuwa amepigilia ubao kwenye ukuta wa jiko, kwa nje, na viti vilikuwa magogo ya mkaratusi. Hakuchagua mtu. Aliyekuja alikaa. Sisi wengine tulikuwa tukifundisha masomo ya ziada kwa kulipwa, na yeye alituharibia soko kwa kufundisha bure, jambo ambalo tulilijadili sana yeye akiwa hayupo. Misemo yake ilizagaa shuleni kama upele. "Hapana nipe jibu, nipe njia." "Zero nayo ni jibu, kama umeifikia." Ikafika mahali wanafunzi wangu wakawa wananiambia hivyo katika imla. Nyumbani kwangu misemo ile iliingia kupitia kinywa cha binti yangu Kavira.

Kavira ni mtoto wangu wa kike mmoja kati ya wavulana. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, kwa vitabu vyangu, akiwa bado hajaota meno ya mbele ya pili. Alipoingia darasa la tano la sekondari akaanza kwenda kule kwenye magogo, na akirudi alikuwa na njaa na furaha, na vumbi la chaki kwenye nywele. Nikimuuliza wamefanya nini, alijibu, "Mambo ya mate, mama, hutasikia." Mate ni hesabu, na kweli nisingeelewa. Lakini mtoto uliyembeba mgongoni akikuambia hutaelewa, roho inauma, na mimi sina haja ya kuficha kwamba iliniuma.

Prof alikuwa na desturi moja ambayo walimu wengine waliiita ukosefu wa adabu. Kila mwanafunzi aliyetaka kuomba vyuo vile, alimtembelea nyumbani bila taarifa. Hakuja kuwaona wazazi, wala hakuuliza pointi. Alitaka kujua jambo moja tu: mtoto huyu anafanya nini wakati hakuna aliyemtuma. Alisema huko mbali wana marundo ya karatasi zenye pointi nzuri, na mtu anayesoma karatasi hizo amechoka, anatafuta mtoto mmoja aliye hai.

Alipofika kwangu nilikuwa nimeshasikia kwamba zamu yetu inakaribia. Nilikuwa nimetandika vitambaa sebuleni na kupanga vitabu vyangu vya Kifaransa mahali pa kuonekana. Prof akanisalimia, akapita sebule kama mtu anayepita kizuizi cha askari, haraka na bila kugeuza kichwa, akatokea uani ambako Fuso ya mume wangu ilikuwa ikipakuliwa. Mume wangu husafirisha viazi kutoka Alimbongo hadi Butembo na Beni. Prof akauliza swali lake. Mimi nikajibu kwanza, nikasema Kavira akiwa peke yake husoma. Mume wangu, ambaye hata hakuwa ameulizwa, akasema, "Uyu anachunguzaka magunia."

Ndipo nikasikia, katika uwanja wangu mwenyewe, habari ya mtoto wangu nisiyoijua. Kumbe tangu mwaka uliotangulia Kavira alikuwa akishika kila gunia la viazi lililooza na kumuuliza mpakizi lilikuwa limewekwa wapi. Akagundua kwamba yanayoharibika zaidi ni yaliyolazwa nyuma, juu ya matairi, ambako barabara inapiga kuliko kote. Akamwomba baba yake kule nyuma apakie maharagwe, na viazi viende mbele. Baba akakubali ili asimvunje moyo, na viazi vikaacha kuoza vile. Walikuwa wamenyamaza juu ya hilo, baba na binti, kwa sababu nisingependa aguse magunia akiwa na sare ya shule. Prof alipanda juu ya Fuso na koti lake, akashuka na udongo magotini, akaomba ukoko.

Kule chuoni alikoomba Kavira walitaka kila mwombaji aandike kurasa chache za kujieleza. Prof akamwambia Kavira aandike viazi. Mimi nilidhani ni mzaha. Viazi! Mtoto anaomba kuingia mahali wanapoingia watoto wa mabalozi, anaandika viazi? Nami nilikuwa na habari tayari ya kuwaliza wazungu. Kaka yangu aliuawa shambani kwake upande wa Eringeti, tukamzika haraka bila kumwosha vizuri, na Kavira alikuwepo mazishini, mdogo, ameshika kanga yangu. Niliona hiyo ndiyo njia. Nikaiandika mwenyewe kwa Kifaransa kizuri, ili Kavira aigeuze Kiingereza.

Prof alikataza vita. Ilikuwa sheria yake, wanafunzi wote waliijua: usiandike vita. Niliona ni ubaridi wa moyo, tena nilimwambia hivyo mbele ya walimu wawili, na karatasi yangu mkononi. Aliisoma yote, amesimama. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Madame, ni ya kweli na ni ya muzuri," akasema. "Lakini Eringeti ni yako weye. Hapana ya mutoto. Yake njo ile viazi."

Nilikaa na hasira juma zima. Kilichonichoma zaidi ni kwamba Kavira aliposoma karatasi yangu alilia, akanikumbatia, kisha akaandika viazi.

Ilipokuja sehemu ya majina kwenye maombi, tulikwama. Kwetu sisi Wanande mtoto hubeba jina la zamu yake ya kuzaliwa, si la baba. Baba ni Mbusa, mama ni Masika, binti ni Kavira, na wale watu wa mbali wakauliza huyu ni mtoto wa nani hasa, mbona hakuna jina la ukoo. Nikaona hapa ni pangu, hapa panahitaji lugha. Nilitunga maelezo marefu ya mila, yenye utangulizi na hitimisho. Prof akamwambia Kavira aandike sentensi moja: kwamba kwetu jina linasema umezaliwa wa ngapi, na kila mtu anajua baba yako bila kuambiwa. Waliridhika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimngojea huyu atie maji hata kidogo, hakutia.

Sasa nifike kwenye neno lake ambalo nimelibeba muda mrefu kuliko yote.

Mwaka ule miongoni mwa walioomba chuo kimoja na Kavira alikuwamo kijana wa Beni, Ramazani, mtoto wa familia ya Waislamu wenye malori, aliyekaa kwa shangazi yake Butembo kwa ajili ya shule. Alikuwa na akili ya kutisha, na adabu pia, ambayo ilifanya iwe vigumu kumchukia. Ilikuwa imebaki Kavira aende Kampala kufanya mtihani wa Kiingereza ambao chuo kiliudai, safari ya taabu na gharama, na mume wangu alikuwa anasita. Nikaenda kwa Prof Jumamosi, vijana wakiwa wameshaondoka. Alikuwa anafuta ubao kwa kiganja.

"Prof, uniambie kweli. Kavira iko na chance?"

"Hapana, Madame."

"Hapana kidogo, ao hapana kabisa?"

"Kabisa. Bale banakamataka batu kidogo sana. Mimi naona Ramazani ataingia. Kavira, hapana."

Alisema hivyo bila kugeuka, mkono ukiendelea kufuta. Nilitembea hadi nyumbani bila kujibu salamu za watu. Huyu mtu alikuwa amenichukulia mtoto Jumamosi zote hizo, amemjaza misemo, amekataa maneno yangu, na sasa ananiambia mtoto hafai. Nilimwambia mume wangu asipotoa gari, nitapanda bus, nikikosa bus nitatembea. Nikampeleka Kavira Kampala mimi mwenyewe. Njia nzima kupitia Kasindi nilimfanyisha mazoezi ya Kiingereza nisichokijua, nikimsomea maswali kama yalivyoandikwa, naye akicheka matamshi yangu mpaka abiria wakacheka nao. Zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote pamoja naye, na sitamshukuru Prof kwa hizo.

Jibu lilikuja wakati wa mvua. Nilikuwa jikoni. Muuza mkaa wa mtaani akasimama mlangoni na gunia lake na kusema, "Madame, félicitations juu ya mutoto." Nikamuuliza mtoto gani. Akashangaa kwamba sijui. Kavira alikuwa amesoma jibu kwenye cyber, wamemchukua, akakimbia. Hakukimbilia kwangu. Alikimbilia kwenye ule ubao wa ukutani, na huko mtaa mzima ukasikia kelele, na habari ya mtoto wangu ikanifikia juu ya gunia la mkaa. Alipofika nyumbani, amelowa, nilimkumbatia na kulia kama mama yeyote. Lakini nilikuwa nimeshamsamehe kila mtu isipokuwa mmoja.

Ramazani walimkataa.

Kavira akaondoka. Mjini watu wakapata hadithi nzuri: kwamba Prof alijua tangu mwanzo Kavira ataingia, na aliniambia hapana kwa makusudi, ili nikasirike nimpeleke Kampala. Mume wangu aliiamini. Prefe aliisimulia kwenye sherehe ya kumuaga Prof alipostaafu, na watu wakapiga makofi, na Prof akatazama viatu vyake. Mimi nilikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya, nikijiona kama punda aliyepigwa kiboko na mwenye akili. Hata hasira yangu, kitu nilichojua ni changu peke yangu, walikuwa wamempa yeye.

Baada ya hapo alihamia Beni kwa dada yake, na sikumwona tena muda mrefu, mpaka mwaka huu nilipoteremka huko kwenda ndoa ya upande wa mume wangu. Tulipopita Kalunguta nilikuwa nimeshaamua nitamtafuta. Nilikuwa na picha za Kavira kwenye simu, amevaa koti nene kwenye theluji, amesimama mbele ya majengo ya mawe. Nilitaka azione. Nilitaka hasa anione mimi nikimwonyesha.

Nikaelekezwa kwenye depo ya kakao, kando ya barabara, na mwenye depo alikuwa Ramazani. Amenenepa, ana watoto sasa. Alinipokea kwa heshima, "Karibu, Mama Kavira," akanipa kiti, akaagiza chai. Na ndani kabisa, kati ya magunia, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa Prof na koti lake, na watoto wanne wa mtaa mbele yake wakiandika sakafuni kwa chaki. Ramazani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hukaa hapo kila siku; yeye ndiye anayemfuata asubuhi na kumrudisha.

Prof alitazama picha moja moja, simu ameishika mbali na macho. Hakusema kitu juu ya majengo. Aliuliza kama anakula vizuri. Chai ilipoletwa nikaona sina sababu ya kuzunguka.

"Prof, siku ile ulinambia Kavira hana chance. Batu banasema ulifanya makusudi, juu mimi nikasirike."

Akatikisa kichwa. "Banasemaka tu. Mimi niliona hataingia, njo nilisema. Nilikosa. Na Ramazani nilimwambia ataingia, nikakosa tena." Ramazani, pale mezani, alicheka bila kuinua macho.

Nilipaswa kufurahi. Hasira yangu ilikuwa imerudi kuwa yangu. Lakini sikuweza kuiacha hapo.

"Kama uliona hana chance, juu ya nini ulimufundisha Jumamosi zote zile?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la darasa la kwanza.

"Alikuwa anakujaka," akasema.

Akanywa chai yake. Mtoto mmoja akamvuta koti kumwonyesha jibu, akainama kulitazama, akamwambia arudie njia. Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Na weye, Madame? Kama ungejua kabisa batamukatala, ungemupeleka Kampala?"

"Ningemupeleka," nikasema.

"Ni vizuri," akasema Prof, na akaniamini. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimpeleka Kavira Kampala ili Prof aonekane mwongo, na kama ningejua Kavira atakataliwa ningekaa nyumbani nikakunja mikono. Yeye alijua, au alidhani anajua, na akaendelea kufuta ubao na kuandika upya kila Jumamosi kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake. Nilikwenda pale na wivu wa miaka yote, na nikaondoka na mwingine mkubwa zaidi, ambao hauna hata mahali pa kuusemea.

Aliposimama kunisindikiza hadi barabarani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umusalimie Kavira," akasema. "Umwambie Prof anamusalimia sana."

Jumapili Kavira alipiga simu, kama anavyopiga kila Jumapili. Nilimweleza ndoa, nguo ya bibi arusi, mvua, barabara ya Kalunguta ilivyo. Aliuliza habari za Beni, nikasema Beni hawajambo. Akauliza kama niliona mtu yeyote wanayefahamiana. Nikamwambia niliona Ramazani, amenenepa, anauza kakao.

Salamu za Prof bado ninazo.